Tangi la akriliki nililojenga mwenyewe limetoa jasho kwenye mshono wa chini. Hatua zote za kulitengeneza

Kambale_Mdogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 60, akriliki (ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya milimita 12. Siku ya tatu baada ya kulijaza, mshono wa chini upande wa mbele ulianza kutoa jasho. Halikuwa linadondosha. Ulikuwa unyevu tu, ukipitisha kidole kinaloa. Nikafuta, nikakaa saa moja, unyevu ukarudi palepale. Namshukuru Mungu samaki walikuwa bado hawajaingia.

Nitaandika kwa vipande kwa sababu kazi bado inaendelea. Naomba mwenye uzoefu anisahihishe nikiteleza, na mwenye tatizo kama langu asikimbilie kuziba kabla hajasoma.

Kwanza tuelewane kuhusu gundi yenyewe. Ile nyembamba kama maji tunayotumia kwenye akriliki, mfano Weld-On 3 na Weld-On 4, kazi yake ni kuyeyusha. Inalainisha uso wa kipande hiki na uso wa kipande kile, plastiki ya pande mbili inachanganyikana, kisha kiyeyushi kinaruka hewani na unabaki na kipande kimoja. Kwa hiyo mahali ambapo nyuso mbili hazikugusana, hapakuungana. Gundi hiyo haina nyama ya kujaza pengo, hata pengo la unene wa karatasi.

Hicho ndicho nilichokuja kukielewa usiku ule nilipokagua mshono. Nilimwaga maji yote, nikakausha, nikazima taa za chumba, nikapiga tochi kutoka ubavuni na kuutazama mshono kwa pembe. Jaribuni hata kwenye tangi ambalo halina tatizo. Palipoungana vizuri jicho linapita moja kwa moja, kama hakuna kitu. Pasipoungana panang'aa fedha, mng'ao uleule wa tumbo la dagaa. Ni hewa iliyonaswa ndani, nyembamba mno, inarudisha mwanga badala ya kuupitisha.

Nilihesabu madoa tisa ya fedha kwenye mshono ule mmoja. Manane yalikuwa visiwa: yamezungukwa na akriliki iliyoshika pande zote, maji hayana pa kuingilia wala pa kutokea. La tisa lilikuwa na urefu wa sentimita nne, na lilianzia uso wa ndani likafika uso wa nje. Hiyo ndiyo njia ya maji.

Sasa jambo lililonishangaza: jasho halikutokea hapo. Lilionekana karibu sentimita 20 kulia. Maji yalikuwa yakitoka kwenye njia ile, yanatambaa kwenye kona ya nje chini ya ukingo, kisha yanajikusanya mbele ya safari. Ningeziba palipolowa, ningekuwa naziba mahali pazima.

Yazungushieni madoa kalamu ya nta kwa nje kabla ya kufanya lolote. Michoro ile iliniokoa baadaye.

MajiMatulivu

Mkuu, pole sana. Sasa kama umeshaiona njia, si upige silikoni kwa ndani ukae siku mbili umalize? Matangi ya vioo yote yameshikwa na silikoni na yanabeba maji miaka.

Kambale_Mdogo

Asante ndugu, na swali lako ni la haki maana hata mimi nilitaka kuanzia hapo. Silikoni inakishika kioo kwa nguvu kubwa. Akriliki haiishiki hivyo. Ukiipaka kwenye akriliki safi ikakauka, shika ncha kwa kucha uvute: inabanduka ndefu kama ukanda. Na akriliki inatembea. Kwa kila nyuzi joto moja inapanuka takriban mara nane ya kioo, na paneli ya mbele inapinda kidogo maji yakijaa. Silikoni isiyoshika vizuri ikivutwavutwa hivyo inaachia ukingoni, maji yanaingia nyuma yake, na wewe huoni chochote mpaka sakafu ilowe.

Kibaya zaidi, akriliki iliyopakwa silikoni ni shida kuirudisha kwenye usafi wa kuungika. Kiyeyushi hakifanyi kazi juu ya mabaki ya silikoni. Unaweza kuharibu nafasi ya matengenezo ya kweli.

FundiVioo

Nimefanya kazi ya akriliki muda mrefu, naomba niongezee kwa mleta uzi na kwa wengine.

Swali la kwanza kwa kila anayeleta tangi linalovuja: kwa nini mshono haukugusana? Ukijua sababu utajua kama tatizo ni la mahali pamoja au mshono mzima umeharibika kwa namna ileile. Mkuu, ukingo wako uliutengenezaje kabla ya kuunga? Ulitoka kwenye msumeno ukaenda moja kwa moja kwenye gundi?

Kambale_Mdogo

Mkuu FundiVioo, nilikata kwa msumeno wa meza, kisha nikapiga msasa kwa mkono. Nilifunga msasa kwenye kibao.

FundiVioo

Basi tumelipata. Msasa wa mkono, hata ukiwa kwenye kibao, unauzungusha ukingo. Wewe huoni, lakini katikati unabaki mgongo na pembeni panashuka. Ukisimamisha paneli juu ya sakafu ya tangi, inagusa kwenye mgongo tu. Ndiyo maana madoa mengi ya watu yanakaa pembeni mwa mshono na si katikati.

Ukingo wa kuunga unatakiwa upitishwe kwenye mashine ya ruta yenye kisu kikali, ukiongozwa na reli iliyonyooka, unyoe nusu milimita hivi hadi alama zote za msumeno ziishe. Usiung'arishe kwa moto. Moto unaacha mkazo ndani ya ukingo, na kiyeyushi kikigusa akriliki yenye mkazo inapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Kabla ya kuunga, simamisha kipande kikavu mahali pake upitishe karatasi nyembamba chini yake. Inapopita, gundi haitashika hapo.

Sababu ya pili ninayoiona kila mara ni kubana. Mtu ametoka kwenye useremala, amezoea gundi ya mbao, anachukua klampu anakaza mpaka kiyeyushi chote kinakamuliwa nje. Mshono unabaki mkavu. Uzito wa paneli yenyewe unatosha, au ongeza kidogo tu.

Ya tatu ni haraka. Ukitumia njia ya pini, unaziweka chini ya paneli kila baada ya sentimita nane hadi kumi, unaingiza kiyeyushi kwa chupa ya sindano mpaka kisambae mshono wote, halafu unasubiri. Watu wanasubiri sekunde kumi wanavuta pini. Ngoja kati ya nusu dakika na dakika nzima, nyuso zilainike kweli. Hapo ukivuta pini paneli inashuka na kukaa kama imezama kwenye siagi, na unaona viputo vikisukumwa nje vyenyewe.

Kambale_Mdogo

Yote matatu nimeyafanya mkuu. Klampu nne, na pini nilizivuta mapema kwa hofu kwamba kiyeyushi kitakauka.

Wakuu, sasa niwaeleze jaribio langu la kwanza la kutengeneza, ambalo halikufaa. Nilichukua kiyeyushi kilekile chembamba nikakisukuma kwa sindano kwenye njia ile kutoka nje. Kiliingia vizuri, kinavutwa ndani chenyewe. Lile doa la fedha likapotea mbele ya macho yangu, panaonekana safi kabisa. Nikafurahi. Asubuhi bado safi. Nikasubiri siku mbili, nikajaza nusu, hakuna jasho. Siku ya tatu likarudi.

Nilipotazama tena kwa tochi nikaelewa. Doa lilipotea kwa sababu kimiminika kilijaza nafasi ya hewa, si kwa sababu pameungana. Kiyeyushi kilivyokauka kilirudi kuwa hewa, na doa likatokea tena, kubwa kidogo kuliko mwanzo, ukilinganisha na mchoro wa kalamu ya nta. Juu yake kwenye paneli ya mbele kukaonekana nyufa nyembamba kama nywele, labda kumi na tano, za urefu wa milimita tatu au nne, zimesimama sambamba kama meno ya kitana. Ukipitisha kucha huzihisi. Kwenye mwanga zinameremeta.

Mwanafunzi_wa_Randa

Hizo nyufa zinamaanisha tangi limekwisha? Na je, kama angetumia ile Weld-On 16 nzito badala ya nyembamba?

FundiVioo

Nyufa za nywele zikiwa juujuu na hazikui, tangi halijaisha, lakini ni onyo. Zinatokea kiyeyushi kikikaa muda mrefu mahali penye mkazo. Ndani ya pengo lililofungwa hakina pa kutokea haraka, kinabaki kinailainisha akriliki siku nzima. Kwa sababu hiyo usipake spiriti, asetoni wala sabuni ya vioo yenye amonia karibu na hapo. Vitu hivyo vinazikuza.

Ile 16 ni kiyeyushi kilichoongezewa akriliki ili kiwe kizito. Kwa tone dogo kwenye kona inasaidia. Lakini nayo inakauka kwa kuruka hewani, kwa hiyo inasinyaa na kuacha viputo ndani yake. Kwa mshono wa chini wa tangi la kimo cha 60 mimi siitegemei.

Kinachofaa kwa pengo ni gundi ya sehemu mbili, kama Weld-On 40. Hiyo haitegemei kukauka. Unachanganya sehemu A na B, inageuka kuwa akriliki yenyewe palepale ilipo, hata ndani ya pengo. Ina nyama.

Ila ndugu, mimi kwa mtazamo wangu ningekata. Pitisha msumeno juu kidogo ya mshono wote, pande nne, ondoa sakafu, nyoosha kingo zote kwa ruta, unga sakafu mpya. Unapoteza sentimita moja na nusu ya kimo na unapata mshono wa kuaminika.

Kambale_Mdogo

Nimelifikiria sana hilo. Nikapiga hesabu kwanza.

Nguvu ya maji kwenye paneli inapatikana hivi: chukua kimo cha maji kwa sentimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa mbili, zidisha kwa urefu wa paneli kwa ndani. Jibu ni gramu. Langu kwa ndani lina urefu wa sentimita 117.6. Maji yakiwa sentimita 15, paneli ya mbele inasukumwa na kilo 13. Yakiwa 30, kilo 53. Yakiwa 45, kilo 119. Yakifika 58, kilo karibu 198. Angalieni zile sentimita 13 za mwisho peke yake: zinaongeza karibu kilo 80. Ndiyo maana tangi linaweza kukaa nusu mwezi mzima likiwa na maji nusu, halafu likafunguka siku ya kulijaza.

Kwa hiyo nakubaliana na FundiVioo kwamba mshono huu si wa kubahatisha. Lakini nilipima madoa yote tisa, jumla yake ni kama sentimita 14 kati ya 120, na katikati ya mshono pameshika mfululizo isipokuwa pale kwenye njia. Mishono ya wima yote ni mizima, ina kiputo kimoja tu cha milimita tatu. Ningeona fedha inafika theluthi ya mshono, au njia ingekuwa kwenye mshono wa wima wa mbele, ningekata bila kusita. Kwa hali hii nimeamua kuongeza kiungo kipya kwa ndani: fito za akriliki kwenye kona ya chini, pande zote nne, kwa gundi ya sehemu mbili. Hapo maji yanakutana na kiungo kipya kabla ya kuufikia ule wa zamani, na eneo lililoungana linakuwa kubwa zaidi ya maradufu.

FundiVioo

Hesabu yako ni sahihi na sababu zako nimezikubali. Weka fito za akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu, usichukue ile ya kukamuliwa kiwandani. Ya kukamuliwa inalainika upesi na inapata nyufa kirahisi. Na uangalie ile kona. Gundi ya zamani iliyovimba ndani itaizuia fito isikae.

Kambale_Mdogo

Hapo umeniokoa, maana jaribio la kwanza la kuweka fito kavu ilikuwa inacheza. Haya ndiyo niliyofanya wikendi yote.

Fito ni milimita 12 kwa 12. Kwenye kona iliyokuwa inagongana na uvimbe wa zamani, nilinyoa kwa randa ndogo nikatoa kama milimita mbili kwa pembe. Fito sasa inakaa imelala kwenye sakafu na kwenye paneli, nyuso mbili zimegusa, na nyuma yake kuna mfereji mdogo wa pembetatu wa kupokea gundi. Nyuso za kuunganishwa nilizikwangua kwa ubapa wa wembe mpaka zikapoteza mng'ao, nikafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pale penye nyufa sikutumia spiriti, maji tu, nikaacha pakauke usiku kucha.

Kisha tangi likalazwa kwa pembe ya nyuzi 45, likiegemea mbao mbili, ili kona ninayoitengeneza iwe chini kabisa kama mfereji. Gundi inatulia yenyewe wala haitiririki. Kona moja kwa siku, siku nne.

Kuchanganya: fuateni kipimo cha mtengenezaji kwa makini, sehemu B ni kidogo sana. Vikombe vile vyeupe vyepesi vya povu msivitumie, vinayeyuka mkononi. Mimi nilitumia kikombe cha kioo na kijiti cha mbao. Koroga taratibu kwa kuzungusha, usipige kama unapiga mayai, halafu acha kitulie dakika chache viputo vipande juu. Nilimimina kwenye mfereji, nikashusha fito kuanzia ncha moja polepole kama unavyolaza mtoto, ili hewa ikimbilie ncha ya pili. Ukiishusha yote kwa pamoja umeinasa hewa chini. Tulishuhudia gundi ikitambaa mbele ya fito, ukanda unaong'aa, ukisukuma kiputo kimoja kikubwa hadi kikatokea mwisho na kupasuka. Nikaongeza gundi juu ya viungo vya fito iwe imezidi kidogo, maana inaposhika inasinyaa.

BibiSamaki

Mwanangu, kazi nzuri. Mmesema habari za gundi lakini hamjasema habari za mapafu. Vijana wengi wanaunga akriliki chumbani wamefunga madirisha, na wengine wanatumia klorofomu.

Kambale_Mdogo

Shikamoo mama. Umesema kweli na nilipaswa kuanza na hilo.

Kiyeyushi kinachotumika sana kwenye gundi hizi nyembamba ni diklorometheni. Kinachemka karibu nyuzi 40, kwa hiyo kinajaza chumba haraka, na mwilini kinageuka sehemu yake kuwa monoksidi ya kaboni, ile hewa ya jiko la mkaa. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu ndiyo dalili za mwanzo. Klorofomu nayo inaunga, lakini inaleta usingizi na inaumiza ini. Mimi nafanyia nje au chini ya paa lililo wazi pande zote, upepo ukitokea mgongoni kwangu. Glavu za kawaida za mpira hazizuii, kiyeyushi kinapita ndani ya dakika chache, kwa hiyo kikizimwagikia zivue mara moja unawe. Na fanyeni kazi saa za baridi. Jua likiwa kali kiyeyushi kinaruka kabla hakijalainisha kitu, na hewa ikiwa na unyevu mwingi mshono unakuwa mweupe kama ukungu.

BibiSamaki

Marahaba. Na samaki wasiingizwe mpaka harufu iishe kabisa.

Mwanafunzi_wa_Randa

Mleta uzi, tunasubiri matokeo. Na umefanya nini na kile kiputo cha mshono wa wima?

Kambale_Mdogo

Wakuu, nimerudi. Nilisubiri siku 14 baada ya fito ya mwisho. Nikahakikisha stendi iko sawa kwa pima maji pande zote na kwenye mshazari pia, kwa sababu akriliki inataka sakafu yote ikae juu ya ubao, si kingo peke yake. Nikatandaza gazeti kavu chini na kuzunguka tangi lote, maana tone dogo kwenye gazeti linaacha alama hata likishakauka.

Nilijaza sentimita 15 nikaacha saa 24. Kisha 30, saa 24. Kisha 45, hapo nikaacha siku mbili. Kila asubuhi nilipitisha ukanda wa karatasi ya chooni kwenye mshono wote wa nje, kona hadi kona. Mkavu. Nikafika 58. Paneli ya mbele imepinda milimita tatu katikati, nimepima kwa uzi uliokazwa, na tangu siku ya pili haijaongezeka. Nyufa za nywele nilizipiga picha na rula pembeni, hazijarefuka. Madoa manane ya fedha bado yapo, yaleyale ndani ya michoro yake. Lile la tisa limebaki vilevile linang'aa, kavu, kwa sababu maji hayalifikii tena.

Nimemwaga maji, nimesuuza mara tatu, sasa limejazwa upya na chujio linazunguka bila samaki.

Kile kiputo cha wima sikukigusa. Kimezungukwa na mshono mzima kila upande. Nimekizungushia duara la nta jekundu kwa nje, na kila Jumamosi nikibadilisha maji nakitazama kwa tochi. Hii ni wiki ya sita, bado milimita tatu.